Jiwe Halikunata

Swali lenyewe huja likiwa limekwisha kujijibu. "Daktari, tuliweka jiwe, halikunata. Kwa hiyo mbwa hakuwa na kichaa, si ndiyo?" Mwezi huu nimeulizwa mara nne, mara tatu hapa Bwera na mara moja mjini Kasese, na wa Kasese alikuwa mwalimu. Nimechoka, mimi daktari wa mifugo, kulijibu mlangoni, mtu mmoja mmoja, huku mbuzi akilia ndani ya gunia juu ya bodaboda na akina mama wenye kuku wa mdondo wakinikodolea macho. Leo nalijibu kwa wote. Hapana. Jiwe halijakuambia lolote.

Kwa msomaji anayeishi mbali na mpaka wa Uganda na Kongo, jiwe jeusi ni kipande bapa, chepesi, kikubwa kidogo kuliko kucha ya kidole gumba. Wala si jiwe. Ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa ukageuka mkaa. Kongo wanalifahamu sana, na miongoni mwa waliolieneza huko ni mapadri wa White Fathers, waliotaka waumini wao wa vijijini wawe na kitu cha kushika mkononi wanapoumwa na nyoka. Matumizi yake kila bibi anayajua: chanja kwa wembe pale palipoumwa hadi damu itoke, bandika jiwe, liache linyonye mpaka lidondoke lenyewe. Kisha lichemshwe, lilowekwe kwenye maziwa, lianikwe, lingoje mgonjwa mwingine. Lilianza na nyoka, likaenda kwa nge, likafika kwa mbwa. Kwa mbwa limepewa kazi ya pili ambayo hata kwa nyoka halikuwa nayo sana, yaani kupima. Likinata, sumu ipo na inanyonywa. Lisiponata, mbwa alikuwa mzima, rudini nyumbani mkapike.

Hiyo kazi ya pili ndiyo inayoninyima usingizi.

Nina jiwe moja mezani kwangu. Aliniachia mama mmoja kutoka Kasindi, upande wa Kongo, baada ya mabishano marefu ambayo sidai kuwa nilishinda. (Waliovuka mto Lhubiriha wa mpakani huniita "munganga", neno ambalo kwao ni daktari wa hospitali na masikioni mwa wengine ni mtu wa vibuyu. Siku hizi siwasahihishi.) Nilinunua robo kilo ya nyama ya mbuzi buchani, nikalibandika. Lilinata barabara. Nikalikausha juani, nikaliweka kwenye ulimi wangu mwenyewe. Lilinata hadi nikalitoa kwa kulivuta, na ngozi ya ulimi ikavutika nayo. Nikalibandika kwenye mkwaruzo wangu wa juzi, wa waya wa banda, uliokwisha kukauka. Likaanguka sakafuni mara mbili. Sasa tufuate hesabu ya jiwe: mbuzi wa buchani ana kichaa, ulimi wangu una kichaa, ila mkono wangu uko salama.

Hakuna ajabu. Mfupa uliochomwa umejaa vitundu vidogo visivyoonekana, na vitundu vikavu hunyonya majimaji kama chaki inavyonyonya wino. Pakiwa na damu au mate, jiwe hunata. Vitundu vikijaa, linaachia. Linapima jambo moja tu, nalo ni kama mahali pamelowa. Likikataa kunata, basi jeraha limekauka, au mtu aliyewatangulia alilijaza damu yake na hakulianika vizuri. Na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Jeraha gani hukauka upesi? Lile dogo. Mtoto wa mbwa amecheza na mtoto wa nyumbani, akamparuza kwa jino, damu haikutiririka, wala hakuna aliyeona haja ya kwenda popote. Kirusi cha kichaa hakihitaji shimo kubwa. Mkwaruzo wenye mate unakitosha, na mkwaruzo huohuo ndio jiwe huutangaza kuwa si kitu.

Wapo watakaonijibu kwamba mkaa hunyonya sumu, na kwamba hata hospitali hutumia mkaa. Ni kweli, na sitaki kuuonea mfupa. Kule Ngurdoto, mkoani Arusha, wataalamu wa maji wa Tanzania wametumia miaka mingi kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na kazi yao ni ya maana. Lakini pale maji yote hupitishwa katikati ya mkaa, tone kwa tone. Ninyi mnakiweka kipande juu ya ngozi na kutumaini kwamba kilichozama ndani kitarudi juu kwa hiari yake. Kirusi cha kichaa hakikai kwenye dimbwi la damu kikingoja kunyonywa. Kinaingia na mate ndani ya nyama, kinashika ncha za mishipa ya fahamu, kisha kinapanda taratibu kuelekea kwenye ubongo. Hakisafiri kwa damu. Ungepata jiwe la kukunyonya damu yote hadi ukaanguka, kirusi kingebaki palepale njiani.

Hata kwa nyoka, ambako sumu angalau ni sumu, halikufaulu. Mwaka 2007 jarida la kisayansi la Toxicon lilichapisha kazi ya Jean-Philippe Chippaux na wenzake, waliowadunga panya sumu ya nyoka wa Afrika, akiwemo kifutu tunayemjua sisi sote, kisha wakawabandika jiwe. Halikuwafaa kitu.

Na wembe je? Mbwa ametoboa tundu moja, wewe unaongeza michanjo minne pembeni, tena juu ya ngozi iliyopakwa mate yake. Umeongeza milango, na umeyasukuma mate yaliyokuwa juu yaingie ndani. Huo wembe nao ulikwisha kumchanja nani kabla yako? Jiwe lachemshwa, nakubali, na kuchemsha ni jambo zuri. Wembe sijawahi kuona mtu akiuchemsha.

"Lakini daktari, jirani yangu aliumwa, akabandikwa, leo ni mwaka wa sita anauza matooke sokoni Mpondwe." Namwamini huyo jirani na ninamtakia biashara njema. Mbwa wengi wanaouma hawana kichaa. Amekanyagwa mkia, ana watoto uvunguni, ameona mtu akiruka ua saa nane za usiku. Ameuma kwa sababu zake za kimbwa. Na hata mbwa mwenye kichaa akiuma, si kila aliyeumwa huugua, kwani jino lililopita kwenye suruali nzito na kugusa mguu si sawa na jino lililozama kwenye shavu la mtoto. Hao wote ambao wasingeugua kamwe, jiwe linawahesabu kuwa ni wake. Wale lililowashindwa hawaji kutoa ushahidi. Dalili huanza baada ya wiki kadhaa, mara nyingi kati ya mwezi mmoja na mitatu, wakati mwingine mwaka. Kufikia siku hiyo kidonda kimepona, mbwa amesahaulika, jiwe liko kwa mgonjwa wa tano. Mtu anaanza kuwashwa palepale palipoumwa, anaogopa upepo, anashindwa kumeza maji, na ukoo unakaa kujadili nani kamroga, au kama malaria imempanda kichwani. Wakati huo hakuna dawa tena, si Bwera, si Kampala, si London.

Mwalimu wa Kasese aliniuliza: sasa kama jiwe ni ujinga, kwa nini sabuni ya kufulia unayotuagiza kuoshea jeraha isiwe ujinga vilevile? Swali zuri kuliko lile la kwanza, na jibu lake watu wa hapa wanalo tayari. Juni 2019 Ebola ilipovuka kutoka Kongo na wagonjwa wakafikishwa hospitali ya Bwera, tulinawa mikono kila penye lango, mpakani, kanisani, msikitini, mlangoni pa duka la chumvi. Hakuna aliyebandika jiwe. Kirusi cha Ebola kimevaa koti la mafuta, na sabuni huliyeyusha koti hilo. Cha kichaa nacho kimevaa koti la namna hiyohiyo. Kipande cha sabuni ya mche na jerikeni la maji vinakiua kirusi pale jerahani kabla hakijashika mshipa, na ndiyo maana muda mnaoutumia kumtafuta mwenye jiwe kule Kyarumba ndio muda hasa uliokuwa wa kuosha.

Kuna swali lingine, ndugu wa lile la jiwe: "Mbwa tumemwua, basi yamekwisha?" Yameharibika, si kwisha. Mbwa au paka aliyekuwa na kirusi mateni siku aliyouma hamalizi siku 10 bila kuugua au kufa. Akifungwa mahali imara, akapewa maji na chakula kwa mbali, akafika siku ya 10 akila na kubweka kama kawaida, amewajibu bila kusema, na daktari wa hospitali anaweza hata kusitisha sindano. Mkimpiga rungu mmejinyima jibu hilo, na aliyemshika miguu wakati wa kumpiga huenda naye amepakwa mate. Kama mmekwisha kumwua, msimponde kichwa, maana maabara hupima ubongo, wala msimchune, wala msimle. Nimesema msimle kwa sababu nimewahi kuulizwa.

Haya, ya kufanya, na niyaseme haraka kwa kuwa hayana fumbo. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 za saa, si za kukisia. Mtoto atalia, endelea. Paka spiriti au ayodini kama ipo. Usipake pilipili, mafuta ya taa, maji ya betri wala manyoya ya mbwa aliyekuuma. Usikimbilie kushonwa. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na kabla hujapanda boda piga simu uulize kama chanjo ipo, kwa sababu vituo vidogo vya milimani mara nyingi havina. Sindano huanza siku unayofika, ambayo ndiyo siku ya sifuri, kisha siku ya 3 na ya 7, na kwa utaratibu mwingine ya 14 pia. Zinachomwa begani, zile za tumboni ambazo wazee wanawatishia nazo zilikwisha kuachwa. Jeraha likiwa la kutoboka au la usoni, uliza kuhusu seramu inayodungwa kuzunguka kidonda. Usikatishe sindano kwa kuwa unajisikia vizuri. Kila mtu hujisikia vizuri. Ukichelewa wiki mbili, nenda hivyohivyo. Na tafadhali usije kwangu: mimi huchoma ng'ombe.

Kwangu mlete mbwa. Akifika miezi 3 achanjwe, kisha kila mwaka, na paka wa kukamata panya pia, maana naye anauma. Kadi itunze. Chanjo inakaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo yule kijana anayezunguka siku ya soko akiwa nayo mfukoni mwa koti anawauzia maji. Kuchanja watatu wa uani kwako huku thelathini wa mtaani wanazurura hakutoshi. Hesabu inayokubalika duniani ni mbwa 70 katika kila 100, na mbwa wa Kasindi hawagongi muhuri uhamiaji wanapovuka. Watu wa Hamukungu na Katwe, waliomo ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, wanajua kwamba fisi naye huumwa na huuma.

Kwa wafugaji, neno moja la ziada. Ng'ombe anayedondosha mate, anayelia kwa sauti ya kukwaruza na kushindwa kumeza, msimwingizie mkono kinywani kutafuta kiazi kilichomkwama. Mbwa anayeachama taya vivyo hivyo. Mara nyingi hakuna mfupa kooni. Mnifungie mlango wa zizi na kunipigia simu, na maziwa yake yamwagwe.

Jiwe bado liko mezani. Nimeliweka juu ya kadi za chanjo, kwa sababu upepo wa jioni unaoshuka kutoka Rwenzori hunipeperushia karatasi. Juzi mzee mmoja aliyemleta mbwa wake kuchanjwa alilitazama muda mrefu wakati naandika kadi, akalinyanyua, akalipima uzito kiganjani. Nikajua swali linakuja. "Daktari," akaniuliza, "hili unalikodisha kwa siku ngapi?"