Ualimu wa Urubani Kabla ya Ndege Kubwa

Rubani anayehitimu mafunzo ya urubani wa biashara huwa na leseni mkononi na saa chache angani. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), leseni hiyo hupatikana baada ya saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyesoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Leseni ya juu, inayomruhusu mtu kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria, inadai saa 1,500 na umri usiopungua miaka 21. Pengo hilo ndilo linalowapeleka vijana wengi kwenye ualimu. Mwanafunzi hulipia kila saa anayoruka. Mwalimu hulipwa, na saa hiyohiyo huingia katika kitabu chake cha kumbukumbu. Akiruka saa 60 kwa mwezi, pengo la saa 1,300 huzibika kwa muda usiofika miaka miwili.

Marekani ndiko njia hii ilikotia mizizi zaidi. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo na kuua watu 50. Sheria iliyofuata ilianza kutumika 2013, ikamtaka hata rubani msaidizi wa shirika la ndege awe na saa 1,500, kwa nafuu kidogo kwa waliopitia vyuo fulani. Lakini marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wamekwisha kuvuka saa hizo. Wingi wa saa pekee, basi, haumtengenezi rubani. Muhimu ni kilichofanyika ndani yake.

Hapo ndipo ualimu unapoonyesha thamani yake. Katika Cessna 172, mwanafunzi hukaa kushoto na mwalimu kulia, kila mmoja akiwa na usukani na kanyagio zake. Wakati wa kutua, mwanafunzi mgeni huchelewa kuinua pua ya ndege, au huiinua mapema mno, mwendo ukapungua ndege ikiwa bado juu ya njia. Mwalimu akiushika usukani haraka, mwanafunzi hajifunzi kitu. Akichelewa, magurudumu yanaipiga ardhi kwa kishindo. Uamuzi huo wa sekunde chache, unaorudiwa mara nyingi kwa siku, humfundisha mwalimu kuliona kosa kabla halijakomaa na kusema kwa utulivu kwamba sasa ndege iko mikononi mwake. Kapteni anayeruka na msaidizi mchanga huhitaji uwezo huohuo.

Upungufu nao upo. Mwalimu huzunguka uwanja uleule, kwa ndege ya injini moja ya pistoni, mara nyingi katika hali nzuri ya hewa. Akiajiriwa na shirika la ndege hulazimika kujifunza upya injini za jeti au tabopropu, na kazi ya marubani wawili wanaogawana majukumu.

Afrika Mashariki nafasi za ualimu ni chache kwa sababu vyuo ni vichache. Chuo cha Soroti, Uganda, kilianzishwa 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ili kiwahudumie wananchi wa nchi zake zote tatu wanachama. Uwanja wa Wilson, Nairobi, una shule kadhaa, na nchini Tanzania Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), Dar es Salaam, nacho kimeingia katika fani hii. Ndiyo maana Watanzania wengi hukusanya saa kwa njia nyingine: kuendesha Cessna Caravan zinazowapeleka watalii kwenye viwanja vya vumbi vya Serengeti, hifadhi ambayo sehemu yake iko katika mkoa wa Simiyu.

Kwa kijana wa Bariadi, Maswa au Meatu mkoani humo, safari huanzia darasani, kwenye fizikia, hisabati na Kiingereza. Mkoani hakuna shule ya urubani, na uwanja mkubwa wa karibu uko Mwanza. Mzazi asiuze ng'ombe wala pamba kulipia ada kabla ya kwenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) kuthibitisha kwamba chuo kimeidhinishwa, na kabla ya kijana kupimwa afya ya daraja la kwanza, kwa kuwa asiyefaulu kipimo hicho hawezi kurusha ndege za biashara. Na anayeuchukia ualimu autafute urubani wa Caravan, maana mwanafunzi anastahili mwalimu anayetaka kumfundisha.