Fumbo la Taarabu na Mashabiki wa Rika Tatu

Wiki iliyopita mpwa wangu wa miaka 19 alinijia na simu mkononi. "Mjomba, aliyeimbwa hapa ni nani?" Ni wimbo wa taarabu ya zamani uliorekodiwa harusini hapa Mombasa. Chini yake huko YouTube, watu wamebishana wee juu ya fumbo lake, kila mmoja na tafsiri yake.

Ubishi huo si mgeni. Zamani za mama yangu, shabiki alijulikana harusini. Aliketi akayapima maneno, na ubeti ukimgusa aliinuka na noti kwenda kumtunza mwimbaji. Kutunza kulikuwa ni kusema bila kufungua kinywa. Ukiinuka kwenye ubeti wa kijembe, ukumbi mzima ushajua una lako na nani. Na shabiki wa Juma Bhalo, aliyefariki 2014, alikuwa pia shabiki wa ushairi na wa sinema, maana maneno mengi yalikuwa ya jamaa yake Ahmad Nassir na mahadhi mengi yalitokana na filamu za Kihindi.

Sisi tuliofuata tulikuwa watu wa kanda. Tuliazimana, tukanakili, tukazirudisha nyuma kwa kalamu ili tuokoe betri. Fumbo tulilisikia, lakini nani aliinuka hatukumuona.

Vijana wa leo hawaoni hata jirani wa kumuuliza. Hata hivyo nawasifu. Wao ndio wanaozitia kanda kwenye kompyuta, na kwa unyevu huu wetu wa pwani, bila wao nyingi zingeota ukungu kabatini. Wanayaandika maneno pia, ingawa mara nyingine huyakosea mpaka mtu akacheka.

Basi nikampeleka kwa nyanya yake. Mama aliusikiliza wimbo mpaka mwisho, midomo ikiufuatisha.

"Namjua," akasema. "Na wanawe wangali majirani zetu. Mwanangu, hayo huyaandiki humo."

Kijana akanuna. Anasema nyanya akiondoka, ukweli utaondoka naye. Mama anasema fumbo lilifumbwa kwa sababu, na aibu ya mtu haizeeki.

Mimi nimemuomba anieleze peke yangu, niandike kwenye daftari na nilifungie. Ameniambia atafikiri. Mpaka leo bado anafikiri.