Kufyonza au Kumeza? Juu ya Kauri Zikamatazo Neutroni

Huko Njiro, mjini Arusha, ndiko iliko maabara ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003 na kushika nafasi ya Tume ya Taifa ya Mionzi. Nchi haina bado kinu cha nyuklia cha kutoa umeme. Lakini tangu mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa lugha ya sheria, na siku kanuni za vinu zitakapoandikwa, kila kitu kilichomo ndani ya kinu kitahitaji neno lisilopotosha. Kimojawapo ni kauri itiwayo katika fito za kudhibiti kinu.

Ndani ya kinu, viini vya uraniamu hupasuka na kutoa neutroni, nazo hupasua viini vingine. Ili mfululizo huo usipite kiasi, fito zenye dutu ya kukamata neutroni huteremshwa kati ya fueli. Dutu itumikayo sana ni kabidi ya boroni, yaani kauri ya boroni na kaboni, ambayo ni miongoni mwa vitu vigumu kabisa vijulikanavyo, wala haiyeyuki kwa joto la nyuzi 2,000 za Selsiasi.

Neno la Kiswahili lijalo upesi kwa kazi hiyo ni kufyonza. Udongo wa volkano katika miteremko ya Mlima Meru hufyonza mvua, kisha maji hutoka katika chemchemi na kuingia mitoni. Udongo hubaki udongo, na maji hubaki maji. Basi asomaye kwamba boroni hufyonza neutroni atadhani kuwa kauri itolewayo kinuni ni ile ile iliyotiwa. Sivyo.

Boroni ya asili ina aina mbili za atomu: zile za uzito wa 10, kadiri ya 20 katika kila 100, na zile za uzito wa 11, ndizo zilizosalia. Zifanyazo kazi ni zile za 10. Kiini chake kikiisha kupokea neutroni hakikai nayo, bali hupasuka papo hapo kuwa viwili, cha lithiamu na cha heliamu, virukavyo kwa nguvu na kuzisukuma atomu za jirani zitoke mahali pake. Hivyo atomu moja ya boroni imekwisha, na badala yake zimeingia mbili ngeni, moja ikiwa ni ya gesi.

Gesi hiyo ndiyo chanzo cha madhara makubwa. Heliamu haiungani na kitu, wala haipati njia rahisi ya kutoka katika kauri iliyoshikamana. Hukusanyika kuwa mapovu madogo mno, bapa kama punje za dengu. Mawe mepesi yenye matundu yapatikanayo kandokando ya Meru yaonyesha kazi ya gesi iliyonaswa. Lakini lava ilikuwa laini gesi ilipotanuka, hali kauri ni kavu. Kwa hiyo huvimba, kisha huingia nyufa, na mwisho humeguka. Tena joto hupita ndani yake kwa shida, hata moyo wa kipande huwa moto kuliko ukingo, na tofauti hiyo huzidisha nyufa. Kipande kilichovimba huweza kuusukuma mrija wa chuma ukifunikao hata ukapasuka. Ndiyo sababu mafundi huacha nafasi kati ya kauri na mrija, na fito hubadilishwa kabla ya kuchakaa. Katika baadhi ya vinu vya Urusi hutumika pia titaniti ya disprosi, ambayo hukamata neutroni pasipo kuzaa heliamu.

Yaonekana basi kwamba kumeza ni neno lifaalo kuliko kufyonza. Kilichomezwa hakirudi kama kilivyoingia, na akimezaye hubadilika kwacho. Mkaguzi asomaye “kauri ifyonzayo” hana sababu ya kuuliza itadumu muda gani. Asomaye “kauri imezayo” atauliza imekwisha kumeza kiasi gani, na imevimba kadiri gani. Kuvimba, ufa, povu na kulika ni maneno ya kila siku, yaeleweka kwa mfinyanzi na kwa mtaalamu. Kufyonza lisitupwe, libaki kwa udongo na mvua, mahali ambapo husema kweli.