Nyota Njema Huonekana Asubuhi: Methali Tatu na Mbio za Mwanzo wa Msimu

Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi methali tatu za Kiswahili zinavyotumika watu wanapotoa hukumu juu ya mkimbiaji kijana aliyeuanza msimu wake kwa ushindi mkubwa. Methali zenyewe ni hizi: Nyota njema huonekana asubuhi, Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Aghalabu waliozikusanya hutoa maana moja tu kwa kila methali, kisha huendelea mbele. Walakini mambo yanayowapata watu huonyesha kwamba maana hiyo moja haitoshi, na kwamba methali ile ile yaweza kumtendea mtu haki au kumdhulumu, kwa kadiri inavyosemwa. Mfano nitakaoutumia ni wa Henry Rono, Mnandi wa Kenya, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State, katika mji wa Pullman, Marekani, na mbio alizokimbia mwaka 1978.

Kwanza yafaa kuieleza kalenda ya vyuo vya Marekani, kwa sababu asiyeijua hawezi kufahamu uzito wa maneno “mwanzo wa msimu”. Mwaka wa masomo una misimu mitatu ya mbio. Tangu Septemba hata Novemba wanafunzi hukimbia mbio za nyika, juu ya majani na vilima; tangu Januari hata Machi hukimbia ndani ya majumba, kwa ajili ya baridi; na tangu Machi hata Juni hukimbia katika viwanja vya wazi. Kila msimu huishia kwa mashindano ya ubingwa wa vyuo vyote. Mashindano ya mwanzo ni ya namna nyingine. Wakati mwingine chuo kimoja hukutana na chuo kingine, pointi zikahesabiwa, na kocha aweza kumtia mkimbiaji wake bora katika mbio mbili siku moja ili apate pointi hizo. Tena miguu ya mkimbiaji huwa mizito wakati huo, kwa kuwa mazoezi makali hayajapunguzwa bado. Kwa hiyo mbio za Aprili zaweza kuwa na makusudi mbalimbali: kuwashinda wengine, kukusanya pointi, au kujipima tu. Mtazamaji huona mwendo, huona na saa, makusudi hayaoni.

Rono alizaliwa mwaka 1952, akafika Pullman mwaka 1976, akawa chini ya kocha John Chaplin. Mwaka huo na mwaka uliofuata alipata ubingwa wa vyuo katika mbio za nyika. Wala hakuwa Mkenya wa pekee chuoni hapo: mwenziwe, Samson Kimobwa, alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 huko Helsinki mwezi wa Juni 1977. Basi msimu wa 1978 ulipofunguliwa, watu wa mbio walikuwa wamekwisha kuzoea kuuliza habari za Pullman. Tarehe 8 Aprili, huko Berkeley, California, Rono alikimbia mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 8.4. Rekodi iliyokuwako, ya Dick Quax wa New Zealand, ilikuwa dakika 13 na sekunde 12.9. Mbio hizo za Berkeley hazikuwa za ubingwa. Zilikuwa miongoni mwa mbio za kawaida za masika. Tarehe 13 Mei, huko Seattle, alikimbia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji kwa dakika 8 na sekunde 5.4. Tarehe 11 Juni, huko Vienna, aliivunja rekodi ya Kimobwa katika mita 10,000, kwa dakika 27 na sekunde 22.4. Tarehe 27 Juni, huko Oslo, alikimbia mita 3,000 kwa dakika 7 na sekunde 32.1. Hizo ni rekodi nne za dunia katika siku 81.

Mashabiki wapatapo habari kama hizo hugawanyika, nami nimeona kwamba mgawanyiko wao wafuata zile methali tatu.

Kundi la kwanza ni la wale wasemao kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Hapa pana mambo mawili ya lugha yapasayo kuangaliwa. La kwanza ni neno nyota lenyewe. Katika desturi za pwani nyota si ile ya mbinguni tu. Ni bahati ya mtu, ile ambayo mwenye elimu ya falaki huitazama. La pili ni kiambishi hu-, ambacho huonyesha mazoea ya jambo na si lazima yake. Methali haisemi kwamba kila kinachong’aa asubuhi ni chema, wala haisemi kwamba chema hicho kitang’aa mpaka jioni. Lakini shabiki huisikia kana kwamba ni ahadi. Akiisikia rekodi ya Aprili, yeye huhesabu medali ya Olimpiki kuwa imekwisha kupatikana, na mbio zilizokwisha kukimbiwa huzigeuza kuwa deni la mbio zisizokuja bado.

Deni hilo Rono hakupata mahali pa kulilipia. Kenya haikushiriki katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, wala katika ile ya Moscow mwaka 1980. Naye hakukimbia katika Olimpiki hata mara moja. Mwaka ule wa 1978 alipata medali mbili za dhahabu katika Michezo ya Afrika huko Algiers, na mbili nyingine katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton, Kanada. Hata hivyo wale waliongojea adhuhuri ya Olimpiki walisema kwamba adhuhuri haikuja. Mimi naona yafaa tuwaulize: mbio zile za asubuhi zilikuwa dalili ya kitu kingine, au zilikuwa ndicho kitu chenyewe? Rekodi ya Seattle ilidumu miaka 11, mpaka ilipovunjwa mwaka 1989 na Peter Koech, Mkenya ambaye naye alipata kusoma katika chuo kile kile. Kazi iliyosimama miaka 11 haiwezi kuitwa ahadi. Ni kazi iliyotimia siku ile ile ilipofanywa.

Kundi la pili ni la wale wenye kusifu kwa hofu, ambao kila mkimbiaji akichelewa sekunde chache husema kwamba amelewa sifa, na ya kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Maana ya kawaida ya methali hii ni kwamba mwenye kusifiwa huiharibu kazi yake. Lakini tazama jinsi ilivyoundwa. Neno akisifiwa limo katika kauli ya kutendewa, na mwenye kusifu hakutajwa. Hakutajwa, walakini yumo, kwa kuwa pasipo yeye hapana sifa, na pasipo sifa hapana maji katika tembo. Kwa hiyo methali hii yamwonya mnywaji pamoja na mgema, na hili ndilo lisahauliwalo na mashabiki.

Na tuyatazame mambo yenyewe. Tangu masika hata mwezi wa Agosti Rono alikimbia Marekani, Ulaya, Afrika na Kanada. Sifa zilimfungulia kila kiwanja, na kila kiwanja kilitaka kuona rekodi. Mwezi wa Novemba wa mwaka ule ule ulifika ubingwa wa vyuo wa mbio za nyika, huko Madison, Wisconsin. Alberto Salazar wa Chuo Kikuu cha Oregon alikuwa wa kwanza. Rono, aliyekuwa bingwa wa miaka miwili iliyotangulia, alikuwa wa 237. Mwenye haraka atasema kwamba mgema ametia maji. Lakini mtu aijuaye kazi ya ugema atakumbuka jambo jingine: karara linalogemwa halizai nazi. Anayetaka tembo asubuhi na jioni hana haki ya kuuliza nazi zimekwenda wapi. Mkimbiaji hutumia nguvu alizoziweka akiba katika mazoezi ya miezi mingi, na akiba hiyo hairudi kwa kupigiwa makofi. Walioshangilia mbio za Vienna na Oslo, kisha wakaionea ajabu nafasi ile ya Madison, walikuwa wakitazama mnazi mmoja kwa macho mawili yasiyosaidiana.

Tena si wote waliosifu. Huko Marekani wengine walinung’unika kwamba vyuo viliwaleta wageni wenye umri uliozidi ule wa wanafunzi wenyeji, na kwamba ushindi wa namna hiyo si wa haki. Kwa watu hao muda wa mbio haukuwa na maana yoyote. Walichokihesabu ni miaka ya mkimbiaji na nchi alikotoka. Nalitaja jambo hili ili msomaji asidhani kwamba mkimbiaji aliyetoka mbali hupokewa na mashabiki kwa moyo mmoja.

Kundi la tatu husubiri kimya, kisha mkimbiaji akishindwa husema kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ili kuielewa methali hii yafaa kuzikumbuka nyumba za mawe za miji ya pwani, zenye sakafu bapa juu yake. Mtoto akimbiaye juu ya sakafu hiyo hakosi kwa sababu ya mbio. Hatari yake ni kwamba mahali pale pana mwisho, na mwisho uko karibu. Basi methali yapima mahali kwanza, ndipo ikampima mkimbiaji. Kalenda ya vyuo niliyoieleza hapo juu ni sakafu ya namna hiyo: ina kingo tatu kila mwaka, na anayekimbia kwa nguvu zake zote katika ile ya kwanza hufika kwenye ya mwisho akiwa amechoka. Wenye kuitumia methali hii kumcheka aliyeanguka wameisoma nusu yake tu.

Na Rono aliwapinga hao kwa miguu yake. Mwaka 1979 aliupata tena ubingwa wa vyuo katika mbio za nyika, na tarehe 13 Septemba 1981, huko Knarvik, Norway, aliivunja rekodi yake mwenyewe ya mita 5,000, kwa dakika 13 na sekunde 6.20. Baadaye maisha yake yaliingia katika shida ya pombe na umaskini, mambo ambayo yeye mwenyewe aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 2007. Alifariki mwezi wa Februari 2024. Ni rahisi kuyafunga maisha kama hayo kwa methali moja na kunyamaza, lakini ipi? Ile ya nyota, ile ya mgema na ile ya sakafu, kila moja yaweza kushuhudiwa kwa sehemu ya habari zake, na kila moja yapingwa na sehemu iliyobaki.

Kiswahili hakikutuacha bila msaada katika jambo hili. Kina maneno mawili ambayo mashabiki huyachanganya, nayo ni kushindana na kujipima. Katika kushindana, kiambishi -an- chataka mwenzi, na watazamaji waweza kuhukumu nani amempita nani. Katika kujipima, kiambishi -ji- chamrudisha mtendaji kwake mwenyewe. Mpimaji na mpimwaji ni mtu mmoja, na mtazamaji hana nafasi ndani ya kitenzi hicho. Mbio nyingi za mwanzo wa msimu ni za kujipima, ingawa hukimbiwa mbele ya watu na hutangazwa kwa jina la mashindano. Shabiki mwenye busara angeuliza kwanza mbio hizi zilikuwa za kitenzi kipi, kisha ndipo achague methali.

Kwa wataalamu wa lugha nina ombi moja. Tunapokusanya methali, tusiandike maneno na maana yake tu. Tuandike pia nani aliisema, alimwambia nani, na jambo gani lilikuwa limetokea, na hasa kama ilisemwa kabla ya jambo au baada yake. Methali ya nyota, ikisemwa mwezi wa Aprili, humwekea kijana mzigo. Ikisemwa baada ya miaka 11, humpa haki yake. Maneno ni yale yale, nasi tusipoandika wakati wake tutakuwa tumeihifadhi nusu ya methali na kuipoteza nusu ya pili.