Daftari la Wageni na Paswedi Ukutani: Nani Analinda Makumbusho Yetu Madogo?

Ukitaja udukuzi, wengi wetu tunawaza benki, kampuni za simu, au yule jamaa wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Makumbusho hayapo kwenye orodha. Mwizi wa makumbusho kichwani mwetu ni mtu anayevunja kioo usiku na kuondoka na kinyago chini ya koti. Kwa hiyo nikisema kwamba nyumba ya historia yenye vyumba vitatu, mlinzi mmoja na kompyuta moja ya mezani inahitaji usalama wa mtandao, na kwamba kuna sheria inayoihusu, najua kuna mtu humu chuoni atacheka. Acheke, halafu aendelee kusoma.

Tuanze na wakubwa, maana habari zao ndizo zilizoandikwa. Oktoba 2023 British Library ya London ilivamiwa na genge linalojiita Rhysida. Walinakili mafaili, wakaharibu seva, wakadai bitikoini 20, ambazo wakati ule zilikuwa kama pauni 600,000. Maktaba haikulipa. Wale jamaa wakamwaga mtandaoni mafaili yenye ukubwa wa gigabaiti 600 hivi, yakiwamo yenye taarifa za wafanyakazi na watumiaji. Katalogi ilirudi hewani Januari 2024, tena ya kusoma tu. Machi 2024 maktaba yenyewe ilitoa ripoti, na nawasifu kwa hilo, kwa sababu taasisi nyingi zikiibiwa hunyamaza. Walieleza kwamba inaelekea wezi waliingilia kwenye seva ya kufanyia kazi ukiwa mbali, ambayo haikuwa na uthibitishaji wa hatua mbili. Yaani ile meseji ya tarakimu sita ambayo sote tunaiona usumbufu, hapo haikuwepo.

Mwezi huohuo wa Oktoba ikashambuliwa Museum für Naturkunde ya Berlin. Hii inatuhusu zaidi. Ndipo aliposimama yule dinosaria wa Tendaguru, aliyetokana na mifupa iliyochimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913 na kusafirishwa Ujerumani. Wageni waliendelea kuingia kumpiga picha, lakini kazi za utafiti zilikwama kwa muda mrefu. Mifupa haikuguswa hata mmoja. Kilichoguswa ni mifumo ya watu wanaoisoma.

Sasa utasema, hao ni wakubwa, wana pesa, nani atahangaika na makumbusho ya wilayani? Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mashambulizi mengi hayachagui. Ni programu zinazozunguka kwenye intaneti usiku na mchana zikipapasa milango, na mlango ulio wazi unafunguliwa bila kuuliza mwenye nyumba ni nani. Na wakati mwingine mlango si hata wako. Desemba 2023 kampuni ya Marekani iitwayo Gallery Systems, inayouza programu za katalogi kwa makumbusho, ilishambuliwa, na kurasa za mikusanyo za wateja wake kadhaa, pamoja na Museum of Fine Arts ya Boston, zikapotea hewani. Makumbusho hayo hayakuvamiwa yenyewe. Aliyevamiwa ni fundi wao. Kituo kidogo cha kwetu ambacho tovuti yake ilitengenezwa na kijana fulani, na paswedi anayo kijana huyohuyo ambaye sasa kahamia mkoa mwingine, kiko kwenye hali hiyohiyo bila kujua.

Lakini kuna nini cha kuiba? Mimi naona kuna vitu viwili, na hakuna hata kimoja kati yake kilichowekwa kwenye kabati la kioo.

Cha kwanza ni kumbukumbu za vitu. Kinyago bila maelezo ni kipande cha mti. Kinachokifanya kiwe historia ni kadi yake: kilitoka kijiji gani, kwa nani, mwaka gani, kilipatikana kwa kununuliwa, kutolewa zawadi au kunyang'anywa. Mfano wa bei ya kukosa kadi tunao Iringa. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza fuvu la Mtwa Mkwawa lirudishwe na Ujerumani. Halikurudi hadi Juni 1954, Gavana Twining alipolikabidhi kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, pale Kalenga. Twining alipolitafuta kwenye makumbusho ya Bremen alikuta mafuvu mengi, na halikuwepo lenye jina la Mkwawa. Ikabidi kutumia vipimo: vichwa vya ndugu wa Mkwawa vilipimwa, vikalinganishwa na mafuvu ya kule. Ndiyo maana hadi leo wapo wanaouliza kama lile ni lenyewe kweli. Swali hilo lisingekuwepo kama mtu angeandika mstari mmoja wa wino na kuulinda.

Siku hizi ule mstari wa wino uko kwenye faili la Excel, mara nyingi faili moja, kwenye kompyuta moja. Watu wa usalama wa mtandao wana maswali matatu wanayoyarudia: je, taarifa inaonwa na wanaostahili tu? Je, haijabadilishwa? Je, inapatikana ukiihitaji? Sisi tunashikilia lile la kwanza, kwamba mtu asiibe siri. Kwa makumbusho, la pili ndilo baya kuliko yote. Mtu akifuta safu ya "mahali kilipotoka" au akabadilisha mwaka, hakuna kioo kitakachovunjika wala kengele itakayolia. Miaka 20 baadaye, jamii fulani ikidai kitu chake kirudi, kadi itatoa ushahidi wa uongo.

Na ziko kumbukumbu ambazo hazifai kuwekwa hadharani kabisa. Mnaijua imani ya "mali ya Mjerumani", kwamba chini ya kila mwamba wenye alama kuna dhahabu iliyofukiwa. Watu wamechimba maeneo ya kale kwa sababu hiyo. Mtu akipakia mtandaoni orodha ya makaburi ya kale au michoro ya miambani pamoja na vipimo vya GPS, kwa nia njema kabisa ya kuvutia watalii, amewachorea ramani wachimbaji.

Cha pili ni watu. Hapa niseme nilichokiona kwa macho. Nilipokuwa fildi mwaka jana tuliwapeleka wanafunzi 43 wa Kidato cha Pili kwenye kituo kimoja cha historia, sitakitaja. Mapokezi kuna daftari la wageni, lile kubwa la jalada gumu. Tarehe, jina, unakotoka, namba ya simu, maoni, sahihi. Ukisubiri zamu yako unaweza kufunua kurasa na kusoma simu za watu wa miaka mitatu nyuma, na nani alikuja na nani. Nyuma ya meza, juu ya kompyuta, karatasi imebandikwa kwa selotepu: paswedi. Mwalimu wa darasa akatoa orodha iliyoombwa kwenye barua: jina la kila mtoto, umri, na simu ya mzazi. Ikachukuliwa, ikaingizwa kwenye kompyuta, nakala ikatumwa kwenye grupu la WhatsApp la ofisi.

Nikamuuliza mama wa mapokezi, "Shikamoo mama. Hii orodha baadaye inaenda wapi?"

"Marahaba mwanangu. Inakaa tu humo. Wakija wakaguzi wanataka kuona idadi."

Idadi! Namba 43 ingetosha. Lakini kwa kutafuta namba 43, kituo sasa kina majina ya watoto 43, shule yao, na simu za wazazi wao, kwenye mashine ambayo paswedi yake anaisoma kila mgeni. Mpe tapeli karatasi ile, apige simu: "Mzazi wa fulani? Mwanao yuko kwenye ziara, amepata ajali, tuma hela ya hospitali haraka." Ana jina, ana darasa, ana siku. Mzazi gani hatatuma?

Na hapa ndipo sheria inapoingia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina Tume ya kuisimamia. Kwa lugha ya sheria hiyo, anayeamua taarifa zikusanywe kwa ajili gani na kwa njia gani anaitwa mkusanyaji. Haijasema uwe na vyumba vingapi au bajeti kiasi gani ndipo uitwe hivyo. Kituo chenye daftari la wageni ni mkusanyaji. Anatakiwa kusajiliwa kwenye Tume, akusanye kwa lengo linalojulikana, asichukue zaidi ya kinachohitajika, azilinde, na zikivuja aiarifu Tume. Tena si za kwenye kompyuta tu, hata za karatasi zimo. Na taarifa za watoto zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Jirani zetu wa Kenya, wenye sheria yao ya 2019, hawatanii kwenye hili: Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Walimu watarajiwa mnaopenda kurusha picha za darasa kwenye status, mmesikia.

Wasiwasi wangu ni kwamba tutafuata sheria kwa mtindo wetu ule wa kawaida: kudurufu sera ya kurasa 15 kutoka taasisi nyingine, kubadilisha jina juu, kupiga muhuri, kufungia kabatini. Unaweza kuwa na cheti cha usajili ukutani na paswedi ukutani, ubavu kwa ubavu.

Vinavyosaidia kwa kweli ni vitu vya bei ndogo. Daftari libaki, jamani, watu wanapenda kuandika maoni, lakini safu ya simu ifutwe, na jina liwe hiari; nchi au mkoa unatosha kwa takwimu. Kila mfanyakazi awe na akaunti yake, ili ikionekana kadi imebadilishwa ijulikane nani alibadilisha na lini. Barua pepe ya kituo iwekewe hatua mbili, kwa sababu mwenye barua pepe ndiye mwenye ukurasa wa Facebook na Instagram, na mwenye ukurasa anaweza kubandika namba yake ya kupokelea viingilio vya wageni. Windows isasishwe, hata kama inakula bando. Faili la katalogi linakiliwe kwenye diski mbili, moja ikae jengo lingine na isiwe imechomekwa wakati wote, kwa sababu programu za kudai fidia hufunga pia kila diski zinayoikuta imechomekwa. Fleshi ya kuzungushwa stesheneri haihesabiki kuwa nakala rudufu, hiyo ni njia ya kukaribisha virusi nyumbani. Na hiyo diski ya pili ifunguliwe mara kwa mara kuona kama mafaili yanasomeka kweli, si kusubiri siku ya msiba.

Upande wetu, sisi wa elimu, tuna kazi moja ambayo haihitaji ruhusa ya makumbusho yoyote. Orodha kamili ya wanafunzi, yenye simu za wazazi, inabaki na mwalimu kiongozi wa msafara. Kituo kinapewa jina la shule, idadi ya wavulana na wasichana, mahitaji ya mwenye ulemavu kama yupo, na simu ya mwalimu mmoja. Barua ya kituo ikidai majina, jibu kwa adabu ukiuliza yanatumika kwa nini na yatafutwa lini. Nimeanza kufanya hivyo kwenye barua ninazoandika kwa niaba ya klabu yetu ya historia. Vituo viwili vimeshajibu. Kimoja kilisema idadi inatosha. Kingine kilisema utaratibu ni utaratibu, tuje na majina, na bado tunaandikiana.