Mshipa wa Moyo si Bomba

Mwandishi wa makala hii si daktari wa tiba. Shahada yake ya udaktari, aliyoipata Uingereza, ni ya uhandisi wa maji, na kwa muda wa miaka kumi na miwili amekuwa akiwafundisha wanafunzi wa chuo kikuu jijini Dar es Salaam namna maji yanavyotiririka katika mabomba. Jambo hili linatajwa mapema kwa sababu mbili. Kwanza, msomaji asije akayachukua yaliyomo humu kuwa ni cheti cha dawa. Pili, kosa litakaloelezwa ni kosa la mtaalamu wa mabomba, na yamkini wako wengi walifanyao pasipo kuwa na shahada hiyo.

Asubuhi moja ya mwezi wa Agosti mwaka 2022, nikiwa na umri wa miaka 44, nilikuwa nikipanda ngazi kuelekea ukumbi wa mihadhara ulioko ghorofa ya tatu. Nilipofika ya pili kifua kilinibana. Hayakuwa maumivu ya kuchoma. Ulikuwa uzito, kana kwamba mtu ameniwekea gunia la mahindi juu ya mfupa wa kifua. Uzito huo ukapanda hadi kwenye taya, ukashuka katika mkono wa kushoto, na jasho jembamba likanitoka. Nilisimama nikajifanya nasoma tangazo ukutani, maana wanafunzi walikuwa wakipita na kuniamkia. Baada ya dakika tano hali ilitulia, nami nikaingia nikafundisha kwa saa mbili. Mada ya siku hiyo ilikuwa ni kanuni ya Poiseuille.

Kanuni hiyo inastahili kuelezwa kwa maneno machache. Jean Poiseuille alikuwa tabibu wa Kifaransa ambaye, katika miaka ya 1840, alichapisha matokeo ya majaribio yake juu ya mtiririko wa vimiminika katika vibomba vyembamba vya kioo. Wahandisi tumeifanya kanuni yake kuwa mali yetu, tukasahau kwamba mwenyewe alikuwa akitafuta kuielewa damu. Inasema kwamba, kanieneo likiwa lile lile, kiasi cha kimiminika kinachopita hutegemea nusu kipenyo cha bomba kwa kipeo cha nne. Kipenyo kikipungua kwa nusu, mtiririko haupungui kwa nusu, bali hubaki sehemu moja tu ya kumi na sita. Niliandika hesabu hiyo ubaoni kwa mkono ule ule uliokuwa umekufa ganzi nusu saa kabla, wala sikufikiri lolote. Wakati huo mfuko wangu wa koti ulikuwa na vidonge vya kiungulia, kwani nilikuwa nimeshakata shauri kwamba tatizo langu ni tumbo.

Usiku wa siku hiyo maumivu yalirudi, na safari hii hayakuondoka. Mke wangu hakuniomba ushauri. Alimwita jirani mwenye gari. Hospitalini walipitisha mrija mwembamba katika mshipa wa kifundo cha mkono hadi moyoni, wakaona kwamba mmoja wa mishipa mikubwa mitatu inayoulisha moyo ulikuwa umeziba. Waliupanua, wakaacha ndani yake kibomba cha wavu wa madini kiitwacho stenti. Maumivu yalikoma nikiwa ningali juu ya meza. Nikamwambia daktari kwa furaha ya kihandisi, "Basi, limezibuka." Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, mimi nimezibua sentimita mbili. Hizo zilizobaki utazifanyaje?"

Swali hilo ndilo lililozaa makala hii.

Moyo wa mtu mzima hupiga mara zipatazo 100,000 kwa siku, nao hauinywi damu inayopita katika vyumba vyake. Hulishwa na mishipa inayouzunguka kwa nje, yenye kipenyo cha milimita tatu au nne hivi inapoanzia. Wengi wetu hudhani kwamba mafuta hujipaka ndani ya mishipa hiyo mithili ya kutu katika bomba la chuma, hadi njia ikafungwa kabisa. Lau ingekuwa hivyo, kazi ingekuwa rahisi: tafuta palipoziba, zibua, nenda zako. Lakini ukuta wa mshipa ni nyama hai. Lehemu, yaani kolesteroli, hupenya chini ya utando wa ndani, na hasa pale ambapo utando huo umechokozwa na shinikizo kubwa la damu, moshi wa tumbaku au sukari iliyozidi mwilini. Chembe nyeupe za damu huja kuila lehemu hiyo, hushiba kupita kiasi, hufa, na kuacha uji mzito unaofunikwa na kifuniko cha nyuzi. Uvimbe huo waweza kukaa miaka mingi bila kuleta maumivu. Hatari huja kifuniko kinapopasuka. Damu hukutana na uji huo na kuganda juu yake, na kwa muda mfupi mshipa hufungwa. Aghalabu mahali palipopasuka hapakuwa ndipo palipobana kuliko pengine. Ndiyo maana mtu aweza kuwa mzima Jumamosi, akazikwa Jumatatu.

Hapa pana jambo lisilofaa kueleweka vibaya. Shambulio likishaanza, kuuzibua mshipa haraka huokoa maisha, na kila dakika inayopotea ni misuli ya moyo inayokufa. Hata aspirini ya kawaida ina kazi yake: uchunguzi uliochapishwa mwaka 1988, uliowahusu wagonjwa zaidi ya 17,000, ulionyesha kwamba ikitolewa mapema hupunguza vifo vya majuma matano ya mwanzo kwa karibu robo. Lakini hali ni nyingine kwa mgonjwa aliyetulia. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watu 2,287 wa Marekani na Kanada waliokuwa na mishipa ya moyo iliyobana bila shambulio la ghafla. Nusu yao walipewa dawa na mafunzo ya kubadili maisha. Nusu nyingine walipewa hayo yote pamoja na kuzibuliwa mishipa. Baada ya miaka zaidi ya minne, makundi hayo hayakutofautiana kwa vifo wala kwa mashambulio ya moyo. Kuzibua kuliwapunguzia maumivu wengine wao, lakini hakukuwaondolea ugonjwa, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa katika ukuta mzima.

Habari hiyo ilinivunja moyo, kisha ikanitia moyo. Ukuta ulio hai huugua, naam, lakini pia huitikia. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa Marekani, George Mann, alifanya utafiti miongoni mwa Wamaasai, wakiwemo wale wa Tanganyika, ambao chakula chao kilikuwa maziwa na nyama kwa wingi. Alistaajabu kuona kwamba dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa adimu. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kupima mioyo ya wanaume 50 wa Kimaasai waliokwisha kufariki. Kuta za mishipa yao zilikuwa zimenenepa kama za wazee wa Marekani, hawakuwa na kinga ya miujiza, ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, hata njia ya damu ikabaki wazi. Mann alidhani sababu ni mwendo, yaani maili nyingi za kutembea kila siku nyuma ya mifugo. Wengine walitaja urithi wa damu, na suala hilo halikukatwa kwa utafiti huo mmoja. Lakini kwamba mshipa waweza kujipanua kuukwepa uvimbe lilithibitishwa na Seymour Glagov na wenzake huko Chicago mwaka 1987, na si kwa Wamaasai. Bomba gani la chuma liwezalo kufanya hivyo?

Juu ya mwendo kuna ushahidi mwingine wa kale. Mwaka 1953 Jerry Morris alichapisha uchunguzi wa watumishi wa usafiri wa London. Madereva wa mabasi ya ghorofa, waliokaa kitako siku nzima, walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi ya makondakta waliopanda na kushuka mamia ya vidato vya ngazi kwa siku. Ni vema kuongeza kwamba Morris mwenyewe, miaka mitatu baadaye, alichunguza vipimo vya sare zao akagundua kwamba madereva walikuwa wanene wa kiuno tangu awali. Uaminifu wa namna hiyo hupendeza. Tafiti nyingi zilizofuata zimeondoa shaka, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima atembee au afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila juma.

Sasa nieleze yaliyonipata mimi, kwa kuwa kujua ni jambo moja na kuishi ni jambo jingine. Lazima nikiri kwanza kwamba miaka mitatu kabla ya tukio hilo nilipimwa nikaambiwa shinikizo langu ni 160 kwa 100. Nikapewa vidonge, nikavimeza kwa miezi minne, nikajiona mzima, nikaviacha. Marehemu baba yangu alianguka shambani, wilayani Rungwe, akiwa na miaka 52. Majirani walitafuta mchawi. Mimi, msomi wa familia, niliwacheka, lakini sikujiuliza kama alichokufa nacho nimekirithi.

Majuma matatu ya kwanza baada ya kutoka hospitali nilikuwa mtiifu kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Hofu ilikuwa ikinila, nami nikala mchicha. Juma la nne hofu ilianza kupungua, na la saba nilijikuta kwenye meza ya nyama choma nikijiambia kwamba mara moja haina neno. Baadaye nilisoma uchunguzi wa mwaka 2013 uliowahusu watu 7,519 katika nchi 17, wote wakiwa wamewahi kuugua moyo au kupatwa na kiharusi. Waliokuwa wameacha tumbaku, wakala vizuri na wakafanya mazoezi, yote matatu kwa pamoja, walikuwa watu wanne tu na ushei katika kila mia. Basi hofu si nguzo ya kuegemea. Ilinilazimu nipange siku yangu kwa namna ambayo hata nikiwa sina hofu, jambo lifanyike.

Gari nililiuza. Kwa ruhusa ya daktari nilianza kutembea dakika kumi kwenye tambarare, kwa mwendo unaoniwezesha kuzungumza lakini si kuimba, nikiongeza kidogo kila juma. Mwezi wa sita nilikuwa nakwenda kazini kwa miguu kutoka Changanyikeni. Kilichonisumbua hakikuwa kilima, bali watu. "Shikamoo Daktari, gari liko gereji?" Kwetu mtu mzima mwenye cheo akitembea kwa miguu huhurumiwa, na kitambi chake huheshimiwa. Nilijibu "marahaba" mara nyingi kuliko nilivyojibu swali.

Chakula kilikuwa na siasa zaidi. Mke wangu ni mwenyeji wa Tanga, na kumwambia mtu wa Tanga habari za kupunguza tui ni kama kumtukania wazazi. Hata hivyo tarakimu hazina upendeleo: mafuta yanayopandisha lehemu ni kama sehemu tisa kwa kumi ya mafuta ya nazi, karibu nusu ya mawese, na kama sehemu moja tu kwa kumi ya alizeti, ambayo kwa bahati njema inalimwa kwa wingi Singida na Dodoma. Tulipatana kwamba nazi iwe ya Ijumaa. Ng'onda ilitoka nyumbani kwa sababu ya chumvi, kwani kiasi kinachopendekezwa ni chini ya gramu tano kwa siku, kijiko kimoja kidogo, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa jikoni. Kikopo cha chumvi kiliondoka mezani. Watoto walinuna siku nne.

Vidonge viko kando ya mswaki, navyo sijaviacha tena.

Sasa nina miaka 47, shinikizo langu ni 128 kwa 80, na uzito umeshuka kutoka kilo 94 hadi 83. Sijui hali ya sentimita zilizobaki. Hakuna azionaye kila siku. Kinachonisumbua ni mdogo wangu, mwenye miaka 41 na kitambi kama cha baba, ambaye kila nikimpigia simu kumsihi akapime hunijibu, "Kaka, mimi mbona mzima." Mwezi wa Desemba nitakwenda Rungwe na kipimo cha shinikizo la damu katika mkoba. Mama ameahidi kupimwa wa kwanza, mbele ya watu wote, ili yeye asipate pa kukimbilia.