USALAMA NA AFYA: Kamba ya kuchajia motokari ya umeme, namna ya kuishika na kuitunza

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wamama na watoto wa kambi,

Shaba na kobalti tunazotoa katika udongo wa Katanga zinakwenda mbali, halafu zinarudi kwetu zikiwa zimegeuka kitu kingine. Motokari moja ya umeme inabeba shaba ya kilo 80 hivi, na batri za aina nyingi zina kobalti ndani. Leo, katika migodi ya inchi mbalimbali, kuna motokari ndogo za shanti na mashini za chini ya ardhi ambazo hazinywi tena mazuti. Zinakula umeme.

Kwa afya ya mapafu ni jambo jema. Mwaka 2012, shirika la utafiti wa kansa la OMS lilitangaza kwamba moshi wa mazuti unaleta kansa. Mashini ya batri haitoi moshi huo kule chini.

Lakini pamoja na motokari hizo kimeingia chombo kipya cha kazi: kamba ya kuchajia. Watu wengi wanaitupa chini kama kamba ya kufungia mbuzi. Gari zinaikanyaga, mvua inainyeshea, panya wanaitafuna. Kwa hiyo leo tutaeleza kwa nini kamba hii inadai heshima, na namna ya kuipa heshima hiyo.

1. Kuna nini ndani ya kamba?

Tazama fishi ya kamba ya kuchajia kwa umeme wa kawaida. Zile za aina ya Ulaya na zile za aina ya China zina vituo 7. Vitatu ni vya fazi, kimoja cha netri, kimoja cha ardhi. Viwili vinavyobaki ni vidogo. Kazi yake si kupitisha nguvu. Ni kupitisha mazungumzo kati ya motokari na mashini ya kuchajia.

Mazungumzo hayo ni ulinzi wako. Mashini haitoi nguvu mpaka motokari ijibu kwamba fishi imeingia vizuri. Waya ya ardhi nayo ni ulinzi: umeme ukitoroka na kugusa bati la gari, waya hiyo inaupeleka ardhini. Na katika mashini ya kuchajia, au katika kisanduku cha umeme, kunakuwa dijonkteri ya pekee inayokata umeme mara moja ikiona kwamba sehemu yake imepotea njiani.

Sasa fahamu jambo hili, kwa maana ndilo kubwa kuliko yote: walinzi wale wanategemea kamba. Waya ya ardhi inapita ndani ya kamba. Waya ya mazungumzo inapita ndani ya kamba. Ukiiharibu kamba, haukuharibu mpira tu. Umewajeruhi walinzi wako.

2. Umeme kidogo unatosha kuua

Umeme unapimwa kwa amperi. Amperi moja ni miliamperi 1.000. Miliamperi moja ikipita mwilini, mtu anaanza kusikia kama sindano. Miliamperi 10 hivi zinafunga misuli: mkono unashika waya na hauwezi kuiachilia, hata mwenyewe akitaka. Miliamperi 50 na zaidi zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na mtu akafa katika dakika chache. Ndiyo maana dijonkteri ya kulinda watu imewekwa ikate kwenye miliamperi 30.

Na kamba ya kuchajia inapitisha nini? Mara nyingi amperi 16 au 32. Amperi 32 ni miliamperi 32.000, ndiyo kusema zaidi ya mara 1.000 ya kile kinachoruhusiwa kupotea. Mashini kubwa za kuchaji haraka zinatoa umeme wa njia moja, wa volti 400, 800 na hata zaidi. Ni aina ile ya umeme inayopita katika laini ndefu ya Inga mpaka Kolwezi, iliyomalizika mwaka 1982, ijapokuwa volti za laini ile ni nyingi zaidi kabisa.

Ngozi iliyolowa jasho inapitisha umeme kwa urahisi kuliko ngozi kavu. Mfanyakazi anayetoka kazini na mikono ya maji na botini zilizojaa matope yuko katika hatari kubwa zaidi kuliko karani mwenye mikono mikavu.

3. Kwa nini kamba iliyokunjwa inapata moto?

Kila waya yenye kupitisha umeme inapata moto kidogo. Kamba ikiwa imenyooshwa, hewa inaipoza. Ikiwa imekunjwa mafungu juu ya mafungu, kamba ya katikati inakosa hewa, na moto unaongezeka saa kwa saa. Mama anajua jambo hili: nguo zilizorundikwa hazikauki, na chungu kilichofunikwa hakipoi. Kuchaji si kazi ya dakika tano. Kunaweza kuchukua usiku mzima. Mpira unalainika, waya zinagusana, na moto unawaka wakati watu wamelala.

Pahali pa pili penye hatari ni fishi. Vumbi letu jekundu likiingia katika vituo vya fishi, au vikishika kutu, umeme unapita kwa taabu. Tufanye hesabu. Kizuizi kidogo sana cha ohmu 0,1 kikipitiwa na amperi 16 kinatoa moto wa wati 25 hivi. Kikipitiwa na amperi 32 kinatoa wati 100 hivi. Amperi zimeongezeka mara mbili, moto umeongezeka mara nne! Ni kama kuwasha ampulu kubwa ya zamani ndani ya fishi ndogo iliyofungwa. Kwa hiyo fishi yenye rangi nyeusi, yenye harufu ya kuungua au iliyoyeyuka kidogo isiingizwe tena hata mara moja.

4. Namna ya kutumia kamba

Kabla ya kuchaji: Tazama kamba kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine, na pitisha mkono juu yake kabla haijaingizwa po pote. Tafuta mpasuko, alama ya gurudumu, pahali palipobanwa, meno ya panya. Tazama ndani ya fishi: wakati wa mvua kuna maji, wakati wa jua kuna vumbi, na mara nyingine nyigu amejenga nyumba yake ya udongo humo. Usitie kidole wala msumari. Mwite fundi wa umeme. Kisha nyoosha kamba yote.

Wakati wa kuchaji: Kamba isikatize njia ya watu wala ya magari. Ipite kando ya ukuta. Mtu akijikwaa juu yake anavunja mkono, na fishi inavunjika pamoja naye. Usiongeze ralonji wala fishi iliyotengenezwa na fundi wa barabarani. Ralonji nyingi hazina nguvu ya kubeba kazi ya saa nyingi, na ile fishi ya kujitengenezea inaweza kuruka waya ya ardhi na waya za mazungumzo. Ni sawa na kuwafukuza walinzi wa usiku na kuacha mlango wazi.

Baada ya kuchaji: Simamisha kwanza kuchaji. Ngoja kufuli ya fishi ifunguke. Kamata fishi kwenye kishikio na uivute wima, usivute kamba. Motokari nyingi zinakataa kuondoka ikiwa fishi ingali ndani, lakini dereva wa kweli haiachii mashini kazi ya macho yake. Zunguka gari lako mara moja, kila siku, kabla ya kupanda.

5. Namna ya kuikunja na kuihifadhi

Usiizungushe kwenye kiwiko kama kamba ya kuanikia nguo. Kila mzunguko wa kiwiko unapotosha waya za ndani, na baada ya siku nyingi waya zinakatika pasipo kuonekana. Ifuate kamba inavyotaka kulala yenyewe. Fanya duara pana, kama nusu metre, moja juu ya nyingine.

Itundike juu ya chuma kipana cha mviringo, si juu ya msumari, kwa sababu msumari unaikata kwa uzito wake yenyewe. Fishi ivalishwe kifuniko chake na itazame chini, maji yasiingie. Pahali pawe na kivuli, pakavu, mbali na mafuta, mbali na asidi ya batri na mbali na magurudumu. Jua kali la mwaka mzima linakausha mpira mpaka unapasuka.

Kamba ndefu ya fazi tatu ina kilo kadhaa, na ya mashini ya kuchaji haraka ni nzito zaidi. Piga magoti, beba karibu na kifua, usiinamishe mgongo. Ikiwa ni nzito mno, muwe wawili.

Ukiona mpasuko, usiufunge kwa utepe wa kunata. Utepe unaficha jeraha, hauliponyi. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini ufa wa kamba ya umeme unazibwa kwa njia moja tu: funga kikaratasi kilichoandikwa HATARI, USITUMIE, itoe kazini, na mjulishe kapita au fundi wa umeme. Kapita naye asimkemee mtu aliyeleta habari. Akimkemea leo, kesho watu wataficha, na kesho kutwa tutabeba maiti.

6. Maneno kwa wamama na watoto

Kuna watu wanaokata kamba za umeme ili kuuza shaba yake. Kwa hiyo kamba zifungiwe kwa ufunguo. Wazazi, waambieni watoto: kamba iliyokatwa, hata ikionekana imekufa, isiguswe. Upande wa mashini unaweza kuwa hai bado. Na mtoto asichome kamba katika lupango ili kutoa shaba. Mpira unaoungua unatoa moshi wenye asidi, unaochoma macho na kifua, na sumu nyingine zinazobaki katika majivu na udongo pale kuku na watoto wanapocheza.

Sheria zile za kamba kubwa ni sheria za ralonji ya nyumbani pia. Usiifiche chini ya mkeka wala godoro. Usiunganishe pasi, jiko na friji kwenye ralonji moja iliyokunjwa. Usiguse prizi ukiwa na mikono ya maji.

7. Ajali ikitokea

Usimguse mtu aliyeshikwa na umeme! Wengi wamekufa kwa sababu ya kukimbilia kumvuta ndugu yao. Fanya hivi:

– Kata umeme kwanza. Mashini nyingi kubwa za kuchajia zina kitufe chekundu cha hatari. Kila mtu wa shanti akijue kilipo.
– Kama umeme haukatiki, na ni umeme wa nyumba au wa kamba ya kawaida, simama pahali pakavu, msukume mbali na kamba kwa mti mkavu. Kama ni laini kubwa au mashini ya kuchaji haraka, usikaribie hata kwa mti. Ngoja fundi akate umeme.
– Mwite kwa jina. Kama hajibu na hapumui vizuri, tuma mtu kwenye dispanseri, na wewe anza kukandamiza katikati ya kifua kwa mikono miwili. Kwa mtu mzima kina ni sentimita 5 mpaka 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Mkichoka, mpokezane. Msiache mpaka waganga wafike.
– Palipoungua, umeme ukiisha kukatwa, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake mawese, dawa ya meno, yai wala unga wa muhogo. Funika kwa kitambaa safi.
– Moto ukiwaka kwenye kamba, usiumwagie maji. Kata umeme, tumia kizima-moto cha unga au cha gesi ya kaboni. Kama ni batri yenyewe inayotoa moshi, ondokeni wote, mwite wazima-moto.
– Kila mtu aliyepigwa na umeme na kuumia, kupoteza fahamu au kusikia moyo unakwenda ovyo, aje kwetu siku ileile, hata kama anasema amepona. Alama ndogo kwenye ngozi inaweza kuficha nyama iliyoungua ndani, na moyo unaweza kuvurugika baadaye.

Wandugu, kutazama kamba, kuinyoosha, kuikunja na kuitundika ni kazi ya dakika tatu au nne. Jioni hii, kabla ya kutoka shanti, inueni macho mtazame: je, kamba ya ekipi yenu imetundikwa, au imelala chini? Ikiwa imelala chini, usiulize ni zamu ya nani. Hakikisha umeme umekatwa, iokote, ikague, itundike. Halafu urudi nyumbani, watoto wanakungoja.